Ukuta wa Kolo, Kipande kwa Kipande

Niliacha picha za harusi nikaenda Kolo, wilayani Kondoa, kupiga picha michoro ya mwambani, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watafiti walionichukua walitaka ukuta mzima uonekane katika picha moja, na mtu akiikuza aone hata unywele wa binadamu aliyechorwa kwa rangi nyekundu. Kamera yangu haikuweza yote mawili kwa mkupuo. Nikafunga lenzi ndefu, nikapiga safu kwa safu, kila picha ikiingiliana na jirani yake kwa theluthi hivi, ili kompyuta ipate nyufa na madoa yanayofanana na kuviunganisha vipande.

Mwamba ule una mabonde na matuta. Ukiizungusha kamera hivi hivi juu ya stendi, jiwe la mbele na la nyuma hupishana, twiga akatoka na shingo mbili. Sharti mzunguko uwe pale mwanga unapoonekana kukutania ukiingia kwenye lenzi, kwa hiyo nilitumia reli ndogo ya chuma, nikiisogeza milimita kwa milimita. Mwanga na rangi nilivipanga kwa mkono. Kamera ikijiamulia, kila kipande huja na wekundu wake.

Muda mrefu kabla yangu, mwanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walifika Kondoa mwaka 1951 wakanakili michoro kwa kuifuatisha kwa mkono. Nakala zile nazienzi, kwa kuwa jicho la mjuzi liliamua kipi ni mchoro na kipi ni doa. Kamera hubeba vyote, pamoja na majina yaliyokwaruzwa na wapita njia.

Nilichokishikilia kwa ukali ni mshono, pale picha mbili zinapoungana. Programu ya kuunganisha hujichagulia picha moja iishie wapi, na inaweza kuupitisha tumboni mwa mnyama bila mtu kugundua. Niliikagua mipaka yote, nikaihamishia kwenye mwamba mtupu. Kuna mtu atakayepima kidole katika picha ile, naye anastahili kupima kidole alichokichora mchoraji.

Wageni wengine humwagia michoro maji ili ing'ae, na maji huiharibu. Kijana mmoja anayeongoza wageni aliniambia, "Mzee, si tumwagie kidogo tu?" Nikamfungulia picha, akaikuza, akaanza kuhesabu vidole asivyowahi kuviona. Nilimwekea nakala kwenye simu. Sasa huwaonyesha wageni kabla hawajafungua chupa.