Spotilaiti za mjomba

Najua nimepotea humu muda mrefu, na kuna mmoja wenu aliniuliza juzi pale kafteria kama nimefunga kijiwe. Sijafunga. Nilikuwa na jambo ambalo nilikuwa naona aibu kuliandika, basi kila nikifungua ukurasa nakaa nautazama, halafu nafunga naenda kulala.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka mwaka jana, mwezi wa tisa, nilivyojisifu humu kwamba nimemfungia mjomba spotilaiti mbili kwenye Land Rover yake 110. Nikajiita fundi, nanyi mkanipongeza. Haya, leo nawasimulia mwisho wa zile taa.

Kwanza niwakumbushe kwetu. Nyumbani ni Mto wa Mbu, pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mjomba anabeba abiria na mizigo kwenda Engaruka na vijiji vya njiani. Kiangazi ile njia ni vumbi la kijivu linaloingia mpaka kwenye meno. Masika ni makorongo. Korongo unaweza kulivuka asubuhi likiwa kavu, ukirudi jioni ni mto, na mvua yenyewe imenyesha huko juu milimani, wewe kichwani hujapata hata tone. Kwa hiyo usiku taa siyo urembo. Usipoona maji mapema, umeingia.

Sasa, zile taa nilizifungaje? Nilinunua spotilaiti zenye globu za wati 100, maana niliamini wati nyingi ndiyo mwanga mwingi. Nikachukua waya mwembamba uliobaki kwenye spika za binamu yangu, nikatoa umeme kwenye betri, nikaupitisha chini ya dashibodi kwenye kaswichi kadogo, nikaurudisha mbele mpaka kwenye bampa. Viungo nikavisokota kwa mkono na kuvizungushia tepu nyeusi. Rilei hakuna, fyuzi hakuna. Nikawasha, mti wa mbali ukaonekana, watoto wakapiga makofi, na mimi nikapiga picha.

Miezi yote ya kiangazi zilifanya kazi. Zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba taa ya mbele ya kushoto ilipokufa, mjomba hakuhangaika nayo. Alisema, "Si spotilaiti zipo?"

Pasaka nikaenda nyumbani. Tulikuwa Engaruka tumeshusha magunia, saa tatu usiku, manyunyu yanaanza. Akaja baba mmoja anakimbia. Mke wake ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga anasema mtoto hatoki, apelekwe hospitali. Tukamlaza yule mama nyuma juu ya magodoro, mkunga na mume wake wakapanda, tukaondoka.

Korongo la kwanza tukapita. La pili maji yalikuwa magotini, nilishuka mimi kuyapima na fimbo. Mjomba akaingia taratibu, lakini bampa likasukuma maji na wimbi likapanda juu ya taa. Nikasikia "pa!" Globu ya kulia imepasuka. Tulipopanda ng'ambo na ya kushoto ikafifia, ikazima. Halafu nikasikia harufu, na moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, pale pale miguuni kwangu.

Jamani, kuna kimya ambacho sitakisahau. Mjomba akazima gari. Nikafungua boneti, nikaukamata ule waya wangu kwa koleo pale betri nikaukata. Ulikuwa umeshachuruzika mpira wote, unang'aa mwekundu. Mkono huu una alama mpaka leo. Tukabaki gizani, mvua sasa inapiga kweli, na nyuma yule mama analia kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu ambaye hataki kusumbua wenzake.

Tulibakiwa na taa moja, ya kulia. Njia nzima iliyobaki tulienda mwendo wa miguu, na kwenye kila korongo nilishuka kutangulia na tochi. Mtoto alizaliwa njiani, kabla ya kufika lami. Mkunga alifanya kazi kwa mwanga wa simu ya mume. Alichelewa kulia. Mimi nilikuwa nje kwenye maji naangaza, nikasikia ukimya, nikasikia mkunga anampiga piga, halafu ndiyo akalia. Nikakaa chini kwenye tope, siwadanganyi.

Wako wazima wote wawili. Nimelitanguliza hilo msije mkasoma yaliyobaki roho juu.

Mjomba hakunigombeza. Asubuhi, tukinywa chai, alisema neno moja tu: "Mjomba, huko chuo mnafundishwa nini?" Aliuliza kwa upole, tena kama mtu anayetaka kujua kweli. Mimi niko uhandisi mwaka wa tatu. Kanuni ya Ohm nimeifanyia mtihani na nikaipasua. Sikuwa na la kujibu.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme, anayefunga magari ya watalii. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha. Akacheka kidogo, akasema niache gari na nikae mimi mwenyewe nifanye, yeye ataangalia. Niliyojifunza siku mbili zile nayaandika hapa, maana najua wengine wenu mna wajomba.

La kwanza ni waya. Globu mbili za wati 100 kwa volti 12 zinavuta karibu ampea 17. Waya wangu wa spika ulikuwa unazidiwa kila siku, nilikuwa sijui tu. Mzee alifunga globu mpya kwa muda kwenye waya mwingine mwembamba kama ule, akapima: betri volti 14 injini ikiwaka, kwenye taa zinafika 11 na kitu. Zilizobaki zimeishia njiani zikawa joto. Na globu ya halojeni haisamehi. Ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu sehemu tatu za kumi. Yaani nililipia wati 100 nikawa naona nusu.

La pili ni rilei. Swichi ya ndani isibebe mzigo wa taa, iamrishe tu. Rilei ina miguu minne ya kujua: 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuiamsha, na kuiamsha kunataka umeme mdogo sana. Mguu wa kuamsha tuliutoa kwenye waya wa taa za fulu, ukapitia swichi. Ukishusha fulu kwa ajili ya mwenzako anayekuja, spotilaiti nazo zinazima zenyewe. Humpofushi mtu.

La tatu ni fyuzi, na ikae karibu kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari. Mzee alisema, "Fyuzi hailindi taa, inalinda waya." Ningekuwa na fyuzi, ile shoti ingekata papo hapo, taa zingezima, basi, bila moshi. Tuliweka ya ampea 15, waya wa milimita 4 za mraba, na globu za wati 55. Tulipowasha usiku, zinamulika sawa na zile mia zangu za zamani, kwa nusu ya mzigo!

La nne ni ethi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, chasisi ni chuma, na vikikutana hivyo viwili na maji, kutu inakula kiungo. Tulirudisha waya wa ethi mpaka betri moja kwa moja.

La mwisho ni maji, na hapa ndipo nilikuwa mjinga kabisa. Nilidhani maji yanaingia kwa kusukumwa. Kumbe yanavutwa. Taa ikiwaka, hewa ya ndani inapata joto inatanuka, inatoka. Ukiitumbukiza kwenye korongo la baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na kunyonya maji kwenye kila upenyo. Na tone la maji baridi likigusa globu ya moto, imepasuka. Mzee aliichukua taa mpya ikiwa ya baridi na imezimwa, akaichovya kwenye beseni la maji ya moto: povu likaonyesha kila panapovuja. Tukapaka silikoni kuzunguka kioo. Siyo ile inayonuka siki, hiyo asidi yake inakula shaba na ile sahani inayong'aa ndani. Lakini hakuziba kila kitu. Alifunga kampira kembamba mgongoni mwa taa, akakapandisha mpaka juu chini ya boneti, taa ipumulie huko kwenye ukavu, kama mkonga wa gari.

Viungo tulivilehemu, tukavivika mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu nyeusi, mzee alisema, ni ya kufungia zawadi. Na kila waya kabla ya kuingia kwenye taa tuliuacha uning'inie kitanzi kuelekea chini, maji yachuruzike yadondoke pale, yasifuate waya mpaka ndani.

Nilimuuliza kwa nini tusifunge zile za LED. Akasema ni nzuri, zinavuta umeme kidogo na hazina globu ya kupasuka, siku nikiwa na hela nifunge. Ila akaongeza kwamba mtu asiyeweka fyuzi kwenye halojeni hataweka kwenye LED. Hapo nilinyamaza.

Robo ya bumu imeishia kwenye hiyo kazi, ndiyo maana mnaniona nakula maharage kila siku, msiniulize tena. Na kabla ya spotilaiti, kitu cha kwanza nilichonunua ilikuwa globu ya taa ya kushoto ya mjomba. Ilikuwa bei ya soda mbili tatu.

Wiki iliyopita mjomba alipiga. Kapita makorongo matatu usiku, mvua, taa zote nne zinawaka. Hakusema asante, siyo kawaida yake. Alisema tu, "Mjomba, zimeona maji zenyewe." Nikatoka nje ya chumba, nikasimama koridoni peke yangu kidogo.

Haya, Jumatatu kuna testi ya mashine za umeme. Safari hii nasoma kama mtu aliyewahi kushika waya mwekundu. Alamsiki.