Gurudumu la tano, au tufe la milimita 50?

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki tatu. Sikuwa mgonjwa, na kompyuta haikuharibika. Nilikuwa nikisoma kuhusu viungo vya kukokotea trela, usiku na mchana, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kwa hiyo leo hakuna programu. Kuna chuma, grisi na hesabu kidogo za shule ya upili. Mkinivumilia mtaona kwamba si mbali sana na kazi yetu.

Habari yenyewe ni hii. Mimi, dada yangu na binamu wawili tuna chama kidogo, na chama kimeamua kujenga saiba ya magurudumu. Hapa Kebirigo mjini saiba zipo. Lakini mama anayechuma majani chai huko ndani vijijini akitaka kujaza ritani za KRA, kuomba cheti kwenye eCitizen au kumjazia mtoto fomu ya HELB, anapoteza siku nzima na nauli juu yake. Tunataka chumba chenye kompyuta nne, printa na betri za sola, kivutwe na pikapu ya baba hadi sokoni, leo Ikonge, kesho kwingine. Fundi wetu wa Daraja Mbili, Kisii, amekwisha kuunga fremu ya ekseli moja. Likijazwa vitu vyote, trela litakuwa na kilo 1,200 hivi.

Ikabaki swali moja: litashikana na pikapu kwa kitu gani?

Mnaojua barabara ya kutoka Nyamira kwenda Chemosit mnaelewa kwa nini sikulala. Ni milima na makona. Pembeni kuna watoto wa shule, akina mama na vikapu vya majani chai, na bodaboda zimepakia watu watatu. Kilo 1,200 zikichomoka kwenye mteremko, hakuna kitufe cha kurudisha hatua nyuma.

Aina tatu

Ya kwanza ni pini na tundu. Ukienda Awendo utaiona kwenye matrekta yanayovuta miwa: ulimi wa chuma, tundu, pini nene inayopita katikati. Ni rahisi na haivunjiki ovyo, lakini inacheza na kugonga. Kwa mwendo wa trekta shambani inatosha. Kwa lami, huku nyuma kuna kompyuta, haitoshi.

Ya pili ni tufe na kikombe. Pikapu inabeba tufe la chuma nyuma, trela linakuja na kikombe kinacholifunika na kufunga kwa mkono wa springi. Karavani za Ulaya karibu zote hutumia tufe la milimita 50.

Ya tatu ni ile ambayo Wamarekani huiita gurudumu la tano. Mmeiona maelfu ya mara kwenye malori ya Mombasa kwenda Malaba: sahani pana yenye grisi nyuma ya kichwa cha lori, ina mdomo kama wa kaa, na pini ya trela inaingia humo na kubanwa. Jina limetoka zama za mikokoteni ya farasi. Juu ya ekseli ya mbele palikuwa na gurudumu jingine lililolala ili ekseli iweze kugeuka, na kwa kuwa mkokoteni ulikuwa na magurudumu manne, hilo likawa la tano. Mwaka 1914 fundi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alimtengenezea mteja trela la kubeba mashua nyuma ya Ford Model T, na kutoka hapo biashara ya matrela ya nusu ikakua. Baadaye Wamarekani waliichukua sahani hiyo, wakaifunga ndani ya boksi la pikapu, na kuvutia nyumba nzima za likizo.

Hapo ndipo binamu yetu wa Minnesota alipoingia. Amewaona majirani zake wakivuta nyumba hizo, na akasema: "Msihangaike na vitu vya kuchomelea. Ninayo sahani ya mkono wa pili, inabeba pauni 16,000. Nitaitia kwenye kontena. Bure." Pauni 16,000 ni zaidi ya kilo 7,200. Chama chote kikashangilia. Fundi naye akashangilia, maana angepata kujifunza kitu kipya.

Mimi niliomba siku chache za kupiga hesabu.

Sahani ina ukweli wake

Sitaki mtu afikiri nilikuwa natafuta sababu ya kuikataa. Kwa usalama wa kuvuta, sahani ni bora kuliko tufe, na sababu ni mahali inapokaa.

Chukua pikapu yetu, Hilux ya kabini mbili. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.1 hivi. Tufe linakaa nyuma kabisa, mita 1.2 baada ya ekseli ya nyuma. Ukiliwekea pua ya trela yenye uzito wa kilo 100, ni kama wenzo: 100 mara 1.2, gawanya kwa 3.1, unapata kilo 39 hivi. Kilo hizo zinaondoka kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba 139 badala ya 100. Usukani unakuwa mwepesi, na taa za mbele zinaangalia juu.

Kibaya zaidi ni msukumo wa pembeni. Lori likikupita kwa kasi na upepo ukalisukuma trela, tufe nalo linasukuma mkia wa pikapu, kwa urefu ule ule wa mita 1.2. Pikapu inageuka kidogo, trela linajibu, pikapu inageuka tena. Huko ndiko kuyumba ambako watu hukuona kwenye video na kucheka.

Sahani inakaa juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo. Hakuna mkia, kwa hiyo hakuna wenzo. Ningekuwa na trela la tani nne na pikapu kubwa ya Kimarekani, makala hii ingeishia hapa.

Lakini pikapu ina kazi nyingine

Trela letu si la tani nne, na pikapu yetu si ya kuvuta trela tu.

Trela la sahani hulalia pini kwa kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake. Kwetu hiyo ni kilo 240 ndani ya boksi, na sahani yenyewe ina zaidi ya kilo 50. Pikapu ya namna hii hubeba karibu tani moja, watu wakiwemo. Kwa hiyo tungekula zaidi ya robo ya uwezo wake kabla mtu hajapanda. Boksi la kabini mbili pia ni fupi: ukikata kona kali, pembe ya mbele ya trela inaweza kugonga kioo cha nyuma. Wamarekani wamebuni sahani inayoteleza nyuma kwa ajili hiyo, yaani uzito mwingine na kitu kingine cha kuharibika. Hata fremu ingebidi ivunjwe na kuungwa upya, maana trela la sahani lina shingo inayopanda juu ya boksi.

Na zile pauni 16,000? Nguvu ya kiungo haiongezi nguvu ya gari. Hilux za karibuni huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, trela likiwa na breki. Ukifunga kiungo cha kilo 7,200, bado una Hilux. Ni sawa na kununua kebo ya kasi ya ajabu halafu kuichomeka kwenye modemu ya zamani.

Nikampigia binamu. "Kaka, asante sana, lakini usiitume."

Akanyamaza kidogo. "Unakataa kitu cha bure? Hata hujakiona."

"Nimekataa kwa sababu ya Jumanne. Jumanne pikapu haivuti trela, baba anabeba mbolea na ndizi. Sahani imekaa katikati ya boksi. Mzee wa miaka sabini ataifungua na kuibeba peke yake?"

Akacheka, akakubali. Akasema basi nguvu yake aiweke kwenye breki, na hapo akatusaidia kuliko angetuma sahani kumi.

Sifuri nukta nane

Tulichagua tufe. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Tufe la Ulaya ni milimita 50. La Kimarekani linalofanana nalo ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja. Muuzaji mmoja aliniambia, "Injinia, zote ni moja, hata usipime." Nilipima kwa kalipa: 50.8. Kikombe chetu ni cha 50. Kikijaribiwa juu ya tufe hilo, mkono wa kufungia haukushuka hadi mwisho. Nikamrudishia tufe lake.

Fikiria sasa kinyume chake: kikombe cha 50.8 juu ya tufe la 50. Kitaingia vizuri, mkono utashuka, kila mtu atafurahi. Kisha kwa kila shimo la barabarani nafasi ile ndogo itazidi kulika. Ninyi wenzangu wa programu mnalijua kosa la aina hii. Linalokataa mapema linakuokoa. Linalokubali kimya kimya ndilo linalokuamsha saa nane usiku. Tufe zuri huwa na ukubwa wake umepigwa mhuri juu; usoma, halafu upime vilevile.

Pua na betri

Kwa tufe, pua ikiwa nyepesi mno trela linayumba, ikiwa nzito mno pikapu inachuchumaa. Wamarekani husema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, Ulaya huenda chini ya hapo. Sisi tulilenga kilo 100, baada ya kusoma kibao cha kiungo kuhakikisha kinaruhusu.

Fundi alitaka betri nne ziwekwe nyuma, karibu na mlango, ili zipate hewa. Kila moja ina kilo 30, jumla 120. Huko nyuma ni mita 1.8 kutoka ekseli ya trela, na kutoka ekseli hadi kikombe ni mita 3.5. Piga: 120 mara 1.8, gawanya kwa 3.5, ni kilo 62. Pua ya kilo 100 ingebaki na 38. Betri zimehamia juu ya ekseli na zimetobolewa tundu zao za hewa. Kupima tuliazima mizani ya mama anayenunua mahindi: trela likiwa limesawazishwa, kikombe kikaegemezwa juu ya kipande cha mbao, tukasoma 97. Mama akauliza tunauza gunia hilo bei gani.

Breki ni ya msukumo. Pikapu ikipunguza mwendo, trela linaisukuma, ulimi unaingia ndani na kuvuta kebo za breki. Haihitaji kifaa cha umeme ndani ya kabini, na fundi yeyote anaielewa kwa kuitazama. Udhaifu wake ni mteremko mrefu: trela likisukuma muda wote, breki hupata moto. Dawa ni gia ya chini tangu juu ya mlima.

Tulichobandika

Ndani ya mlango wa dereva kuna karatasi yenye mistari mitano, kwa sababu si mimi nitakayeendesha kila siku:

1. Mkono wa kikombe umeshuka hadi mwisho, na pini yake imeingia.
2. Inua kikombe kwa jeki ya mbele: mkia wa pikapu ukiinuka nacho, kimeshika.
3. Minyororo miwili imepishana chini ya ulimi, na kebo ya breki ya dharura imefungwa kwenye pikapu.
4. Plagi ya pini saba: taa, indiketa, breki. Volti 12, usiazime kutoka lori, ni 24.
5. Hakuna aliyehamisha kitu kizito kwenda nyuma.

Linalobaki ni usajili, maana trela hupata namba yake lenyewe, zile zinazoanza na Z.

Kama unavuta kitu chochote kwenye milima hii, hata trekta la miwa, niandikie unafanyaje kwenye miteremko. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.