Mimi na Mdogo Wangu, Kidonge Kilekile

Tulifika kambi ya Kanyaruchinya, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Oktoba 2022, siku zile Rutshuru na Kiwanja zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tulikuwa mimi, mama, mdogo wangu na familia yake. Nilikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, nimebeba diploma yangu, godoro moja na daftari la alama za wanafunzi ambalo hadi leo sijui nililibebea nini. Tukasimamisha kibanda cha shitingi juu ya makoro, yale mawe meusi ya Nyiragongo yasiyokubali hata kigingi.

Mwanamume asiye na shamba pale hana kazi ila mawe: kuyachimba, kuyaponda kuwa kokoto, kuyapeleka barabarani malori yapakie. Mikono ya ualimu haikuzoea. Mgongo ukaniuma mpaka nikashindwa kuinama kuingia kibandani, na mdogo wangu naye mabega yakamvimba. Kijana mmoja wa pale machimboni akatutolea plaketi ya tramadoli, dawa ya maumivu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya sahani ya fufu.

Tulimeza pamoja. Mdogo wangu akashikwa na kizunguzungu, akatapika, akalala mchana kutwa, na alipoamka akaniambia, "Yaya, uchafu ule sirudii." Mimi sitadanganya: nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu tutoke nyumbani. Mgongo ulinyamaza. Na hofu ya usiku, aibu ya kupanga foleni ya maharagwe ya PAM, shirika la chakula, nikiwa nyuma ya wanafunzi wangu, mlio wa mabomu kutoka upande wa Kibumba, vyote vikasogea mbali. Kesho yake nilimtafuta yule kijana kabla sijatafuta maji.

Yaliyofuata yanajulikana na kila aliyeishi na mtu wa namna hiyo, nami nitayapita haraka. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa kiganja. Kitenge cha mama kikauzwa, kisha sufuria. Siku moja nikaanguka machimboni, mwili ukitikisika na povu mdomoni, watu wakanikimbia wakisema ni pepo. Tramadoli ikizidi huleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa, lakini pale nani angejua?

Mama alinipeleka katika chumba cha maombi. Huko ikasemekana ni laana ya ukoo: babu yetu mzaa baba alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na roho yake ya ulevi ilikuwa imeniangukia mimi mjukuu wa kwanza. Nilifungwa humo bila vidonge. Nikapiga miayo isiyoisha, kamasi na jasho vikanitoka, vipele vya baridi vikanisimama kwenye joto, tumbo likafunguka, na kichwani nikahisi shoti za umeme zikipita. Waombaji walifurahi wakidhani roho inatoka. Kumbe ulikuwa mwili unaodai dawa iliyokatwa ghafla. Siwalaumu, walikesha nami bila kunitoza hata faranga. Ila niliporuhusiwa kutoka, miguu ilinipeleka kwa muuzaji moja kwa moja.

Aliyenitoa ni muuguzi wa kituo cha afya cha kambini, mama mmoja mkali. Alinielekeza Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo mjini Goma. Huko waliniambia dawa haikatwi kwa panga: inapunguzwa kidogo kidogo, na awepo mtu wa kuitunza. Mtu huyo akawa mdogo wangu. Alifungia vidonge katika kopo la maziwa, akawa ananipimia asubuhi na jioni, na mimi nikamchukia kama sijamchukia mtu duniani. Nilimtukana mbele ya wanawe. Hakujibu, wala hata siku moja hakuniambia "jikaze". Ningemwambia nini kama angesema hivyo? Yeye hakujikaza kuacha, alitapika tu.

Hapo ndipo swali liliponishika, nami bado ni mwalimu. Mama mmoja, baba mmoja, plaketi moja: kwa nini yeye alitapika na mimi nikanaswa? Daktari alinijibu nusu. Nusu nyingine niliisoma kwenye simu, nimekaa kwenye kibanda cha kuchaji.

Ubongo una vipokezi vinavyopokea kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu, endofini. Dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, hukalia vipokezi hivyo hivyo. Kile kikuu huitwa myu, protini ya asidi amino 400, na jeni lake, OPRM1, limo katika kromosomu ya 6. Mahali pa 118 katika jeni hilo watu wengi wana herufi A. Wengine wana G, na hapo asidi amino ya 40 hubadilika. Mwaka 1998 maabara ya Mary Jeanne Kreek, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilitangaza kwamba kipokezi kilichobadilika hivyo hushika beta-endofini kwa nguvu takriban mara tatu. Kreek ni yule yule aliyekuwa pamoja na Vincent Dole na Marie Nyswander walipoanzisha tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 1964, tiba ambayo Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa 2011.

Moyo ulinidunda: nimeipata sababu! Kisha nikasoma mbele. Herufi G ni ya kawaida Asia, wanayo baadhi ya watu Ulaya, na kwetu Afrika kusini mwa Sahara ni adimu. Tafiti zenyewe zilivutana miaka na miaka. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 juu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani uliona uhusiano wake na uraibu kwa wenye asili ya Ulaya. Jeni linalosifiwa kuliko yote, na huenda halinihusu.

Ila tramadoli ina hila nyingine. Unachomeza ni mahindi. Ini ndilo linaloyasaga, na unga wake ndio unaokalia kipokezi barabara. Kisagio ni kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, nacho hutofautiana mno baina ya watu, hata ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1996 mtafiti Mhabeshi Eleni Aklillu na wenzake walikuta Waethiopia 29 katika kila 100 wana nakala za ziada za jeni hilo; hao husaga upesi, na dawa huwapanda kwa nguvu. Kwa Watanzania, aina inayosaga polepole ni ya kawaida. Sijapimwa jeni, wala mdogo wangu. Lakini kujua kwamba ndugu wawili wanaweza kumeza kitu kimoja na miili yao ikapokea vitu viwili kulinitua mzigo ambao maombi hayakuutua.

Hata hivyo nilikataa kuifanya sayansi kuwa laana iliyovaa koti jeupe. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba takriban nusu ya udhaifu mbele ya uraibu hurithiwa, tena kwa jeni nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Nusu nyingine ni mahali na maisha. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani walionaswa na heroini Vietnam: waliporudi makwao wengi mno waliachana nayo. Mimi sikuwa na nyumbani pa kurudi, nilikuwa na makoro tu. Kwa hiyo niliacha kuponda mawe, nikaanza kufundisha watoto wa kambini hesabu chini ya shitingi, kwa malipo ya viazi. Mgongo ulipona kwa kupumzika. Vidonge vya kopo vikapungua, vikaisha.

Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na kambi yetu ikavunjwa, dawa ziliuzwa barabarani na kijana mmoja akanipungia plaketi nzima. Nilimshika mdogo wangu mkono wa shati mpaka tukapita. Siku hizi, kabla ya kung'olewa jino au kushonwa jeraha, namwambia muuguzi mapema: mimi tramadoli hapana, nipe parasetamoli nivumilie.

Mama nilimweleza yote, kromosomu na ini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo ni babu yenu." Nikamwambia jeni hutoka pande zote mbili, nusu kwa baba na nusu kwake. Akasema upande wake hawanywi.