Kamera ya tumboni na zile sindano mbili

Huku London tupo, baridi ndiyo hivyo tena.

Wiki hii nimepigiwa simu kutoka Moshi. Kuna mzee wetu (hatajwi, mwenyewe anajijua) ugali unamkwama kifuani. Ameandikiwa kipimo cha kamera na hataki kwenda. Anaogopa ule mpira, na zaidi anaogopa sindano ya usingizi, eti watu hawaamki. Mimi nimeshapimwa hapa mara mbili, ngoja nieleze.

Mara ya kwanza, kipimo cha tumbo, nilichagua dawa ya kupuliza kooni tu, lidokeini. Ina ladha ya ndizi, ila siyo ndizi za kwetu! Koo likafa ganzi, nikacheua, machozi yakanitoka, dakika chache kwisha. Baada ya kama saa moja nilikunywa chai, nikarudi na basi peke yangu.

Mara ya pili, utumbo mpana, nilichomwa mchanganyiko: fentanili ya maumivu, kisha midazolamu. Hii midazolamu haiui maumivu, inaondoa wasiwasi na kufuta kumbukumbu. Siyo usingizi wa upasuaji, ukiitwa unaitika. Shemeji aliyenifuata anasema nilimuuliza nesi swali lile lile mara tatu. Mimi sikumbuki hata moja. Na kwa saa 24 huruhusiwi kuendesha gari wala kusaini karatasi za maana (wenye viwanja mmesikia).

Hofu ya mzee siyo ya kijinga lakini. Kila moja ya dawa hizo inapunguza kupumua, na zikikutana zinazidishana nguvu. Hapa Uingereza mwaka 2008 hospitali ziliagizwa kuondoa vichupa vya midazolamu kali kwenye vyumba vya vipimo kama hivi, maana wagonjwa walikuwa wanazidishiwa dozi. Ndiyo maana mtu mzima wa miaka 70 anapewa dozi ndogo, kidogo kidogo, kidoleni kabanwa kifaa cha kupima oksijeni, na dawa za kutengua zipo karibu: flumazenili kwa midazolamu, naloksoni kwa fentanili. Ile iliyomuua Michael Jackson Juni 2009 ni nyingine, propofoli, tena alikuwa nyumbani, siyo hospitalini.

Sasa mzee wangu, shikamoo. Muulize daktari kama ya kupuliza peke yake itatosha. Utacheua, utakasirika, basi. Ukitaka sindano, uliza ni zipi, na useme ukweli kuhusu vidonge vya usingizi, kukoroma na mbege. Ila chakula kukwama siyo jambo la kungoja Krismasi; saratani ya umio ipo sana upande wetu wa Afrika.

Nauli ya KCMC nimeshamtumia binti yako. Jumanne asubuhi anakuja kukuchukua, na usile kitu.