Usiku wa Chepilat

Mwaka 2019 tulifunga safari na masahibu wawili hadi Chepilat, mji mdogo wa mpakani: huku Sotik ya Bomet, kule Borabu ya Nyamira. Baridi ya nchi ya chai haina mzaha. Kanzu zetu za pwani hazikufaa kitu.

Mji huu uliteketezwa katika machafuko ya mwanzo wa 2008, Wakipsigis na Wakisii wakafukuzana. Baada ya Isha tuliwakuta wa pande zote mbili mkahawani, macho kwenye runinga, wakitazama East Africa's Got Talent, mashindano ya vipaji ambayo hatimaye ndugu wawili wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, walitwaa dola 50,000. Si yote yaonyeshwayo humo yanatupendeza, nasi tuliinamisha macho palipobidi. Lakini muuza maziwa wa Kipsigis na muuza ndizi wa Kisii walibishana kwa furaha nani apite, na aliyeshindwa hoja akawalipia wote chai, sisi tukiwamo.

Sahibu yetu mmoja, aliyeshikilia njia nzima kwamba runinga ni fitina tupu, ndiye aliyekataa kuondoka kabla ya majaji kusema.