Kinoo: Ukitafuta sinema adimu, anzia kabatini

Ukipanda matatu katikati ya jiji la Nairobi na kuifuata barabara ya Waiyaki kupitia Westlands, Kangemi na Uthiru, baada ya kilomita kama 15 utajikuta Kinoo. Hapo utakuwa umekwisha kuingia Kaunti ya Kiambu, ingawa wakazi wengi huamkia Nairobi kwa kazi na kurudi jioni. Magorofa ya kupangisha yameota mahali palipokuwa na mahindi, migomba na zizi la ng'ombe wa maziwa. Si mahali pa watalii. Lakini ikiwa wewe na jamaa yako mna hamu ya kukusanya sinema nyumbani, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia msako.

Bila shaka utauliza: sinema gani adimu itapatikana Kinoo? Tuelewane kwanza kuhusu neno hilo. Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya na kutolewa mwaka wa 1985, si adimu. Ilishinda tuzo 7 za Oscar, na ukiitaka leo jioni utaipata. Filamu za mateke na za Kihindi nazo kijana wa duka la muvi atakujazia kwenye flashi kabla matatu haijapata abiria. Sinema adimu ni ile iliyotengenezwa na watu wetu, kwa lugha zetu, ikauzwa nakala chache, kisha mwenyewe akahamia biashara nyingine.

Sinema hizo ni za aina tatu. Kwanza kuna filamu ndefu za Wakenya. Kolormask ya Sao Gamba, ya mwaka wa 1986, inahusu Mkenya aliyerudi kutoka Uingereza na mke Mzungu. Saikati ya Anne Mungai, ya 1992, ni kisa cha msichana Mmaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. The Battle of the Sacred Tree ya Wanjiru Kinyanjui, ya 1995, inaonyesha akina mama wa kanisa wanaotaka mugumo wa kijiji ukatwe. Usisahau pia Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, ya 1981, ambamo Mkenya Joseph Olita aliigiza dikteta huyo.

Aina ya pili ni vichekesho na michezo ya River Road. Watengenezaji wa mtaa huo walipiga filamu kwa Kikuyu, Kiswahili na lugha nyinginezo kwa kamera ndogo na pesa kidogo, hata kazi yao ikabandikwa jina la Riverwood. Wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo walijulikana hata na watoto wa nasari. Filamu hizo hazikupigwa studioni. Zilipigwa katika boma za watu, sokoni na kwenye barabara za matope. Leo ukitazama unacheka, lakini nyuma ya mchekeshaji unaona pia kijiji jinsi kilivyokuwa kabla ya magorofa.

Aina ya tatu ni ile ambayo wengi huitupa: kanda za VHS ambazo watu walijirekodia kutoka kwa runinga. Kabla ya KTN kuanza mwaka wa 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu, ya serikali, na waliokuwa na mashine ya video walinasa Vitimbi, Vioja Mahakamani au Tushauriane. Kanda iliyoandikwa "Harusi" huenda mwishoni ina Mzee Ojwang, pamoja na matangazo ya sabuni ya wakati huo.

Usidhani haya ni mambo madogo. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta kanda nyingi za mchezo wake maarufu, Doctor Who, ili zitumike tena. Mwaka wa 2013 lilitangaza kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa vimepotea kabisa vimepatikana. Vilikuwa wapi? Katika stoo ya kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria! Ikiwa shirika tajiri kama hilo liliokolewa na stoo ya Afrika, sembuse mtengenezaji wa River Road aliyekuwa na kompyuta moja?

Na hapo ndipo Kinoo inapoingia. Mzee anapofariki au shamba linapouzwa, nyumba ya zamani hubomolewa ili gorofa lijengwe. Kabati la sebuleni hutolewa nje, na kanda zilizomo huishia kwa moto pamoja na magazeti ya kale. Kwa hiyo anza nyumbani, kisha kwa majirani. Mwamkie shosho kwa heshima, kaa unywe chai, ndipo uulize kama ana kanda za zamani. Usiombe kuchukua zote. Omba kuazima, ziorodheshe mbele yake, na urudishe siku mliyoagana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukimaliza mtaani, panda matatu uende mjini. Fika Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Jengo hilo liliwahi kuwa benki. Waulize wahudumu kuhusu kumbukumbu za picha na sauti, kwani hata usipoondoka na filamu, mwanafunzi atajua yaliyohifadhiwa. Kutoka hapo vuka Tom Mboya Street, shika Accra Road au Latema Road, na utatokea River Road. Njiani utasikia makanga wakiita "Odeon", na mbele kidogo "Globe". Hayo yalikuwa majina ya kumbi za sinema. Kumbi zimekwisha, lakini majina yamebaki ya kushukia matatu.

River Road usikimbilie diski ya bei ya chai na mandazi yenye filamu kumi ndani. Uharamia huo ndio uliowafukuza watengenezaji wengi. Muulize muuza duka ni nani aliyetengeneza filamu unayoitafuta na kama bado anauza. Nakala halali hutambulika kwa kibandiko cha Kecobo, na alama ya Bodi ya Filamu inayoonyesha inafaa watoto au watu wazima.

Kabla ya kutoa pesa, kagua. Inua kifuniko cha kanda ya VHS: ukiona vumbi jeupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu. Usiitie mashineni, kwa maana itaichafua na kuambukiza kanda nyingine. Diski ya VCD hubeba dakika 74 hadi 80 tu, kwa hivyo filamu ndefu ilitiwa kwenye diski mbili. Anayekuuzia ya kwanza peke yake amekuuzia hadithi isiyo na mwisho. DVD halisi iliyonunuliwa Marekani ina alama ya eneo la 1, nayo Kenya iko eneo la 5, kwa hiyo mashine nyingine zitaikataa.

Usichelewe. Kiwanda cha mwisho kutengeneza mashine za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka wa 2016. Mashine zilizobaki ni kuukuu, na fundi wa kuzitengeneza wanapungua. Ukipata inayofanya kazi, hamisha kanda zako kwenye kompyuta, uweke nakala mbili mahali pawili tofauti. Flashi pekee haitoshi, kwa sababu hupotea na huharibika. Nakala hizo ni za kuhifadhi na kutazama na jamaa, si za kuuza, maana kazi bado ina mwenyewe.

Mwisho, andika. Kwenye kila jalada weka jina la filamu, mwaka, lugha, waigizaji unaowatambua na nyumba ulikoipata. Wape watoto kazi hiyo, nao wazee watawatajia mahali palipopigwa. Mtoto wa Kinoo anayejua kila mwigizaji wa Marekani atashangaa kusikia lugha ya nyanya yake ikichekesha watu kwenye runinga.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Za Marekani zina wa kuzitunza. Hizi zetu zinakungoja wewe, na Jumapili ni siku nzuri ya kufungua kabati.