Mbeere: Moshi Usiofuka Una Bei

Ukitoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri, barabara huteremka na joto hupanda. Nyuma yako unaacha kahawa na majani chai ya miteremko ya Mlima Kenya. Mbele yako ni nchi ya Mbeere, yenye migunga, mbuzi, na mashamba ya ndengu na muguka. Mgeni hawezi kukosa kuona minara mirefu ya chuma iliyobeba nyaya za umeme juu ya mashamba hayo. Mto Tana umezuiwa kwa mabwawa matano upande huu: Kindaruma tangu mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miaka mingi taa za Nairobi zilitegemea sana maji haya. Chini ya nyaya hizo hizo, wanawake wengi wangali wanapika kwa kuni.

Tulifika huko wauguzi watatu pamoja na akina mama wa kanisa letu, kwa siku mbili za kupima watu macho na shinikizo la damu. Macho ndiyo yaliyonifikisha jikoni. Waliokuja na macho mekundu yenye kutoa machozi walikuwa wanawake zaidi, na nilipowauliza wanapikia wapi, walinikaribisha nikaone.

Jiko la kwanza nililoingia lilikuwa kijumba cha udongo chenye paa la mabati lililogeuka jeusi kwa masizi. Mafiga matatu yalikuwa katikati. Kando, karibu na mlango, palikuwa na jiko jipya la kuni, la bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani. Ubavuni lilikuwa limepigwa nambari, kama gari.

Mpenzi msomaji, nambari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Akina mama wenye umri wa mama yangu watakumbuka jiko la kuni lililoboreshwa, ambalo chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kulieneza katika miaka ya 1980. Wakati ule jiko lilikuwa jiko tu. Siku hizi lina nambari kwa sababu moshi ambao halikuutoa unauzwa ng'ambo.

Biashara hii huenda hivi. Mama akitumia kuni chache, hewa ya ukaa inayopanda angani hupungua. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliziruhusu nchi tajiri kulipia upungufu uliopatikana katika nchi maskini na kuuhesabu kuwa wao. Miradi midogo kama majiko, gesi ya samadi na umeme wa jua ikawekewa utaratibu wake mwepesi. Pia liko soko la hiari, ambamo kampuni yoyote, hata msafiri wa ndege, anaweza kununua. Kipimo ni tani moja ya hewa ya ukaa kwa cheti kimoja. Mashirika kama Gold Standard, lililoanzishwa mwaka 2003, huweka kanuni na kutoa vyeti hivyo. Hapa Embu na jirani zetu wa Tharaka, mradi mmoja uitwao Hifadhi umegawa majiko yapatayo 60,000 kwa fedha za mfuko wa Livelihoods, ulioundwa mwaka 2011 na makampuni ya Ulaya, Danone ikiwa mojawapo. Majiko niliyoyaona mimi hayakutoka mradi mmoja, wala sikufika kukagua mradi wa mtu.

Nilimwuliza mama mwenye nyumba kama analipenda jiko lake jipya. Akasema analipenda sana. Chai huchemka upesi, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa humfikisha siku ya nne. Nikatazama mafiga. Majivu yake yalikuwa bado na joto.

Akacheka. "Sista, sufuria ya githeri ya watu tisa itakaa wapi juu ya kitu kidogo hivi?"

Mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua ndengu, akaongeza kwamba usiku wa baridi jiko la bati haliwapi watu joto la kuota. Basi chai na ugali hupikwa kwenye jiko jipya, githeri kwenye mafiga. Mimi naona wana akili kabisa. Hata mimi nina sufuria zaidi ya moja.

Lakini hesabu za tani zinaingia hapa. Wenye miradi hutuma watu kuuliza katika nyumba chache: Unatumia jiko letu? Mara ngapi kwa juma? Bado unatumia mafiga? Jibu la mama mmoja huzidishwa kwa nyumba elfu nyingi. Nikimwuliza mgonjwa wa shinikizo la damu kama anameza dawa kila siku, atanijibu, "Ndiyo, sista." Si mwongo. Anaona haya kumvunja moyo mtu aliyemhudumia, tena anaogopa kugombezwa. Kwa sababu hiyo sisi wauguzi hatuishii kwenye jibu. Tunahesabu vidonge vilivyobaki. Na mama aliyepewa jiko kwa bei ya kutupa atamwambia nini kijana aliyekuja na kalamu, isipokuwa kwamba analitumia kila siku?

Mwezi wa Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walichapisha uchunguzi wao kuhusu miradi ya majiko katika nchi mbalimbali. Waligundua kwamba miradi waliyoichunguza, kwa wastani, ilipewa vyeti takriban mara tisa kuliko upungufu halisi wa hewa ya ukaa. Sababu moja ni hiyo ya majibu ya adabu. Miradi ambayo matumizi yake hupimwa kwa mita ilikaribia ukweli zaidi, na mita, kwa lugha ya kazi yangu, ni kuhesabu vidonge. Oktoba mwaka huo huo, waendesha mashtaka wa New York walitangaza kesi dhidi ya waliokuwa wakuu wa kampuni moja ya majiko kwa kughushi takwimu za namna hii, na mmoja wao alikiri kosa. Huyo si mama aliyeona haya.

Sababu nyingine iko kwenye miti yenyewe. Ukikata mti na mwingine ukaota mahali pake, hewa ya ukaa iliyotoka kwenye moshi hurudi kwenye majani. Kuni zinazostahili kuhesabiwa ni za miti isiyorudi. Katika zile nyumba za Mbeere niliona kuni nyingi zikiwa matawi yaliyopunguzwa kwenye migunga ya mpaka wa shamba, ambayo huchipuka tena baada ya mvua. Mwenye mradi akikadiria kwamba kila tawi limetoka msitu unaokwisha, tani zake hunenepa bure.

Sasa nije kwenye macho na kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, kati yao zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Ningependa kuwaambia kwamba jiko la kuni lililoboreshwa limemaliza tatizo hilo, lakini haikuwa hivyo kule Malawi. Utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, haukuona nimonia ikipungua katika nyumba zilizopewa majiko ya kuni yenye moshi kidogo. Moshi kidogo bado ni moshi. Gesi, ya mtungi au ya samadi ya ng'ombe, na umeme ndivyo vinavyosafisha jiko kweli. Hata hivyo kuni kupungua nusu si jambo dogo kwa mgongo wa mwanamke, na nisingemwambia yeyote arudishe jiko lake.

Ningemwambia aulize. Anayepokea jiko hutakiwa kutia sahihi karatasi inayosema kwamba upungufu wa moshi ni mali ya mradi. Ndiyo malipo ya jiko kuwa rahisi, na si haramu, ila ajue anauza. Omba nakala. Uliza udongo wa ndani ukipasuka nani atautengeneza. Mabadiliko ya Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2023 hapa Kenya yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa miradi ya ardhi, na asilimia 25 kwa isiyo ya ardhi, pale mradi ulipo kwenye ardhi ya umma au ya jamii. Jikoni kwa mtu binafsi, kinga yake ya kwanza ni ile karatasi.

Katika nyumba nne nilizoingia, moja tu ilikuwa na nakala. Mama aliitoa kwenye bahasha ya kaki alimoweka kadi za kliniki za watoto. Imeandikwa kwa Kiingereza, kurasa mbili. Tukaketi chini ya mwembe nikaisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari, naye akiwaeleza majirani kwa Kimbeere, hadi dereva wetu alipoanza kupiga honi.